Zawadi ya Desemba kwa Bi Kuwabara

Mchele ulipopanda bei mara ya kwanza, Fusae Nishiwaki alisema ni upepo tu, utapita. Ulipopanda mara ya pili alinyamaza. Ulipofika maradufu ya bei ya zamani, akaanza kuuchanganya na shayiri, na wanawe wawili, Gaku na Issei, wakayatazama mabakuli yao kama mtu anayeletewa mchumba asiyemtaka.

"Mama, hii nini?" Gaku aliuliza.

"Afya."

"Mbona afya ina madoa?"

"Kula."

Wakala, na wakaongeza. Vijana wale wanacheza raga, na hapa Higashi-Osaka raga ndiyo dini ya mtaa. Ukizaa mchezaji mmoja wa raga umezaa watu watatu, kwa hesabu ya sufuria. Fusae alizaa wawili. Wanakula kabla ya chakula, wanakula wakati wa chakula, halafu baada ya chakula wanafungua friji na kusimama mbele yake wakitafakari, mpaka mama yao awapige kwa taulo la vyombo.

Baba yao, Tetsuji, anatengeneza skrubu kwenye karakana ya mtaa wa nyuma. Kila kitu duniani kilipopanda, mshahara wake ulibaki palepale. "Mshahara wangu ni mwaminifu," alikuwa akisema. "Hauhamihami." Fusae naye hufanya kazi ya asubuhi kwenye jiko linalopanga vyakula vya boksi. Anasimama penye mkanda unaotembea, na kila boksi linapopita anaweka tunda dogo moja lililokaushwa kwa chumvi katikati ya wali. Mwaka huo tajiri wake alileta maboksi mapya yenye kitako kilichoinuliwa, ili wali kidogo uonekane mwingi. Fusae alipoyaona alicheka, halafu akaanza kufikiri kama mabakuli ya namna hiyo yanauzwa kwa ajili ya nyumbani.

Ijulikane kwamba Fusae si mtu wa kulialia. Watu wa Osaka hawaoni haya kununua vya bei rahisi, wanajitapa navyo. Ukimsifia mtu koti lake hasemi asante, anakuambia, "Hebu kisia nimelinunua kiasi gani." Ukitaja bei ndogo ananuna, ukitaja kubwa anafurahi, kwa sababu sasa anaweza kukuambia ukweli na kukuacha mdomo wazi. Katika mashindano hayo Fusae alikuwa bingwa wa uchochoro wao. Alijua tofu ya wapi ni rahisi siku gani. Aliweza kupika vichipukizi vya dengu kwa namna tano, na ya sita ilikuwa ni kumwambia Tetsuji kwamba ni nyama.

Ila kuna jambo moja ambalo hata mtu wa Osaka hathubutu kulifanyia ubahili, nalo ni zawadi ya Julai na zawadi ya Desemba. Hiyo unampelekea mtu aliyekutendea wema mkubwa maishani, na kwa Fusae na Tetsuji mtu huyo alikuwa Bi Kuwabara.

Marehemu mume wa Bi Kuwabara alikuwa msimamizi wa karakana ya skrubu, na ndiye aliyekuwa mshenga wa Tetsuji. Siku ya harusi Fusae hakuwa na mama. Mama yake alifariki yeye akiwa bado shuleni. Kwa desturi mke wa mshenga ndiye humshika bibi harusi mkono na kumwingiza ukumbini, na Bi Kuwabara alimshika. Alipomwona anahesabu hatua, alimnong'oneza, "Ukikosea hatua, anguka kabisa. Watu wacheke, waisahau hotuba ya mume wangu." Fusae aliingia ukumbini akiuma midomo asicheke. Gaku alipozaliwa, Bi Kuwabara huyohuyo alikuja akafua nepi na kupika uji mwezi mzima, wala hakuitwa. Fusae hajawahi kumwambia mtu, lakini akisema neno "mama" kimoyomoyo, uso unaomjia ni ule.

Basi kila Julai na kila Desemba familia nzima huvaa nguo za heshima na kuvuka mfereji kupeleka zawadi kwa mkono. Wanakaribishwa chumba cha mbele, wanainamiana, wanakunywa kikombe kimoja cha chai, vijana wanakaa wima kama wamemeza fimbo, kisha kwaheri. Baada ya siku chache Bi Kuwabara anarudisha zawadi yake, nayo kila mara huwa kubwa kuliko ile aliyoletewa. Kwa hiyo safari inayofuata Fusae anaongeza. Na Bi Kuwabara anaongeza. Wamekwenda hivyo miaka na miaka, mpaka zawadi zimekuwa mbio ambazo hakuna anayejua mwisho wake uko wapi.

Fusae alikuwa na siri yake. Kwenye zawadi za namna hii karatasi ya kufungia ndiyo inayosema. Kila mtu anaijua karatasi ya lile duka kubwa la ghorofa kule mjini, na kitu kilichofungwa kwayo ni kitu cha maana hata kabla hujakifungua. Fusae alikuwa ameitunza karatasi moja kama hiyo, iliyokuja na zawadi ya Bi Kuwabara mwenyewe. Aliipiga pasi ya moto mdogo, akanunua mafuta ya kupikia kwenye duka la bei nafuu, akayafunga ndani yake. Huko ndiko kufa na tai shingoni, na alikuwa ameshakufa hivyo mara kadhaa.

Desemba hii hata mafuta ya duka la bei nafuu yalikuwa yamepanda. Gaku alitakiwa kulipia kambi ya raga. Tetsuji alikuna kichwa, akasema, "Mama Gaku, mwaka huu tuache. Bibi wa watu ataelewa."

"Ataelewa nini?"

"Kwamba hatuna."

"Yaani niende nikamwambie sina? Yule aliyenifulia nepi?"

"Nepi hazikuwa zako, zilikuwa za Gaku. Gaku ndiye aende."

"Sitanii, Baba Gaku. Kuacha zawadi ni kumwambia mtu basi, wema wako umekwisha, nimeshaulipa. Akinielewa vibaya nimempoteza. Na mimi mwingine sina."

Tetsuji aliendelea kukuna kichwa. Fusae naye, badala ya kuamua, alifanya upuuzi ambao mtu mwoga huufanya: alijificha. Bi Kuwabara alipopiga simu akasema nyumbani wote wana mafua, wasije wakamwambukiza. Alipopiga tena, Fusae aliitazama simu ikilia mpaka ikachoka. Akiwa na baiskeli akaanza kuzungukia daraja la mbali, ili asipite karibu na nyumba ile. Yeye aliona anapata nafasi ya kufikiri. Hakujiuliza upande wa pili wa mfereji wanaona nini.

Jioni moja alikwenda supamaketi, saa ile ya stika. Wenye njaa wanaijua saa hiyo. Jioni ikishaingia, vyakula ambavyo haviwezi kulala vinabandikwa stika ya nusu bei, na mbandikaji ni Bwana Ishida, mzee mwenye miwani na mwendo wa taratibu kabisa. Yana adabu zake mambo haya. Huruhusiwi kushika kitu mapema ukamngojea nacho. Huruhusiwi kumfuata mgongoni. Unatakiwa usimame mbali kidogo, ujifanye umekuja kwa shughuli nyingine, na usome. Fusae alisoma maandishi yote ya pakiti ya figili za siki. Akajua zimetengenezwa wapi, zina chumvi kiasi gani, na ukipatwa na tatizo upige simu wapi.

Mbele yake, kwenye tofu, mwanamke aliyevaa kofia ya sufu na barakoa alikuwa anasoma naye, kwa bidii ileile. Fusae alimwona kama mpinzani, hakumtazama sana.

Bwana Ishida alifika kwenye samaki. Wengi walikuwa wameshauzwa, limebaki trei moja la bangala, nono, mgongo unang'aa. Akabandika stika, akasogea. Mikono miwili ikalishika trei kwa pamoja.

"Samahani," akasema Fusae.

"Samahani mimi," ikasema kofia.

Sauti ile aliijua. Moyo ukamshuka mpaka kwenye viatu. Mwanamke naye alishusha barakoa polepole, kwa sababu hakukuwa na faida tena, na alikuwa Bi Kuwabara, ambaye mtaa mzima uliamini kwamba samaki wake huletwa mlangoni.

Waliinamiana. Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Wote wawili waliliachia trei.

"Chukua, Mama," Fusae alisema.

"La, mwanangu. Mkono wako ulitangulia."

"Mkono wangu ulikuwa unapita tu."

"Unapita kwenda wapi? Chukua, una vijana."

"Vijana wamechoka na samaki. Chukua wewe, tafadhali."

"Mimi nilikuwa nataka kumwangalia tu."

"Nitaona vibaya, Mama."

"Na mimi nitaona vibaya zaidi."

Waliinamiana tena, safari hii chini kabisa, na walipoinuka trei halikuwapo. Mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli alikuwa analipeleka kwa keshia bila haraka yoyote.

Walisimama wakimsindikiza bangala kwa macho mpaka alipolipiwa.

"Ameondoka," Bi Kuwabara akasema.

"Ameondoka."

"Na alikuwa mnene."

Fusae alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, halafu kikamshika tumbo, na Bi Kuwabara akalazimika kushikilia friji ya tofu. Bwana Ishida aligeuka kuwatazama, akarudi kwenye stika zake. Kazi yake imemfundisha kutouliza.

Walikwenda kukaa kwenye benchi karibu na meza za kupakia mifuko. Kicheko kilipokatika, Bi Kuwabara alipangusa macho, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kumbe mafua yako yanatembea madukani."

Fusae aliinamisha kichwa. Aliona aibu kali. Akaona kwamba akitafuta uongo mwingine atazama zaidi, akapiga moyo konde.

"Mama, mwaka huu sina zawadi. Nimehesabu kila namna, haipatikani. Nikashindwa kuja kukuambia. Nisamehe."

Bi Kuwabara alikunja na kukunjua kofia yake magotini.

"Ile sabuni niliyokurudishia Julai," alisema mwishowe, "unajua niliitoa wapi?"

"Duka kubwa."

"Nilishinda kwenye bahati nasibu ya mtaa. Na yale mafuta ya kabla yake nilipewa na mpwa wangu. Sijaingia duka kubwa tangu Bwana afariki. Pensheni inaishia kwenye umeme."

"Lakini karatasi, Mama. Karatasi ilikuwa ya duka kubwa."

"Karatasi ni ile uliyoniletea wewe."

Fusae akamtazama. "Ile niliyokuletea mimi ilikuwa yako."

"Yangu ipi?"

"Uliyofungia biskuti za bati. Mwaka ule Issei alipovunjika jino."

Bi Kuwabara alifikiri, akapiga paja. "Ndiyo maana ilikuwa imelainika kama kitambaa. Mimi nikasema, ama kweli duka lile siku hizi wanatumia karatasi nzuri."

Wakacheka upya, safari hii bila nguvu, wakiegemeana mabega. Kwa miaka yote hiyo karatasi moja ilikuwa imevuka mfereji huku na huku, kila mmoja akiipiga pasi kwa siri na kumwona mwenzake tajiri.

"Sasa mbona hukuniambia tuache?" Fusae aliuliza. "Wewe ndiye mkubwa. Ungesema neno moja tu, ningeshukuru."

"Niliogopa."

"Unaniogopa mimi?"

"Wewe unakuja Julai na Desemba," Bi Kuwabara alisema. "Unakuja kwa sababu ya zawadi. Nikisema zawadi basi, utakuja kwa sababu gani? Ulipoacha kupokea simu wiki hizi, nikajua ndiyo imetokea. Nikajiambia mwenyewe, haya, Shizuko, umebaki na televisheni."

Fusae alipiga hesabu. Mtu huyu anakaa ng'ambo ya mfereji, kwa baiskeli unafika kabla hujapata joto, na yeye alikuwa akimtembelea mara mbili kwa mwaka, kikombe kimoja cha chai kila safari, huku akijiona mwenye shukrani. Alilia palepale mbele ya watu wanaopakia vitunguu, akitumia mkono wa koti lake, kwa sababu leso alikuwa nazo mbili na zote alikuwa amezisahau nyumbani.

"Nitakuja," alisema. "Jumapili. Sote. Na nitakuja mikono mitupu."

"Utaweza?"

"Nitajaribu."

Msidhani lilikuwa jambo dogo. Kwa watu wetu kwenda nyumbani kwa mtu bila kitu mkononi ni sawa na kwenda bila suruali. Jumapili ilipofika Fusae alikuwa na wasiwasi tangu asubuhi. Njiani mikono yake haikujua pa kukaa. Aliiingiza mfukoni, akaitoa, akaifunga mbele, akaifunga nyuma. Walipofika kwenye genge la matunda, miguu yake ilipinda yenyewe.

"Machenza machache tu," alisema. "Machenza si zawadi."

"Mama Gaku, twende," Tetsuji akasema.

"Matatu."

"Uliahidi."

"Basi nibebe nini? Angalia, mikono imening'inia kama soksi kwenye kamba."

Tetsuji alitazama huku na huku, akakohoa, akamshika mkono. Hakuwa amemshika mkono barabarani tangu walipooana, na hata wakati ule ilikuwa kwa ajili ya mpiga picha. Masikio ya Fusae yalikuwa mekundu mpaka darajani. Gaku na Issei wakabaki nyuma hatua nyingi, wakijifanya hawawajui watu hao.

Bi Kuwabara alifungua mlango kabla hawajabonyeza kengele, na kitu cha kwanza alichotazama ni mikono yao.

"Hamna kitu?"

"Hatuna," Fusae akasema, akimwonyesha viganja.

"Hata machenza?"

"Hata machenza."

"Alitaka kununua," Issei akasema. "Baba amemzuia."

"Baba yako ni shujaa. Vueni viatu, chungu kinachemka."

Hakuwapeleka chumba cha mbele. Aliwapitisha moja kwa moja jikoni, ambako hawakuwahi kufika, na juu ya meza ndogo chungu kilikuwa kinatokota juu ya jiko la gesi la mezani. Ndani mlikuwa na kabichi, uyoga, tofu, na samaki wa vipande ambao trei lao, lenye stika ya nusu bei, lilikuwa limewekwa dirishani makusudi ili waone. "Kisieni nimelipa kiasi gani," Bi Kuwabara alisema, na kila mmoja akataja bei kubwa kwa heshima, naye akafurahi mno. Wali ulipopakuliwa Gaku aliinamia bakuli lake, akaona madoa. "Mama," alinong'ona, "hata huku kuna afya."

Vijana walikula namna wanavyokula nyumbani, si namna ya chumba cha mbele. Hakuna aliyekaa wima. Issei aliunguza ulimi. Tetsuji alieleza jinsi marehemu msimamizi alivyowahi kufungia kidole chake ndani ya boksi la skrubu na kukataa kukiri, na Bi Kuwabara, ambaye hakuwahi kuisikia hadithi hiyo, alicheka mpaka akadondosha kijiti kimoja cha kulia. Kila bakuli lilipoisha alilinyakua kulijaza kabla mwenyewe hajasema, na alikuwa akiwatazama wale wawili wakitafuna kama anayetazama mechi. Fusae alioga jasho la mvuke, akavua koti la heshima, akakunja mikono akaosha vyombo kwenye sinki la mwenzake. Chai hawakuikumbuka kabisa.

Walipokuwa wanavaa viatu giza lilikuwa limeingia. Bi Kuwabara alisimama mlangoni. Hakuwa na kifurushi cha kurudisha, kwa kuwa hakuna alicholetewa, na yeye pia alionekana hajui mikono aiweke wapi.

"Basi, Mama," Fusae alisema kwa mazoea, akiinama, "tutaonana Jul—"

Julai ilikuwa mwezi wa kuleta zawadi, na zawadi hazikuwapo tena. Hakukuwa na siku yoyote iliyopangwa, na walipotazamana kila mmoja aliona mwenzake naye ameshtuka.

"Jumatano," Bi Kuwabara akasema, "Bwana Ishida anaanza stika mapema."

"Jumatano nitakupitia."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa natoka kazini saa sita. Nitakuja tupike huku."

"Uje na hawa wawili."

"Watakumaliza, Mama."

"Waje wanimalize," alisema Bi Kuwabara, akafunga mlango upesi, maana alikuwa ameanza kulia na hakutaka vijana wamwone.